Kopo la Mwalimu Ikupa

Kabla mwalimu hajavaa kinasa, mtafiti hukivaa kwanza. Ni kanuni ya Taasisi, na wengi wa wenzangu huiruka kwa sababu inakula dakika sita na hakuna anayekagua. Mimi siiruki. Jumatatu ile, saa moja na nusu asubuhi, nilikaa katika ofisi ya walimu ya Shule ya Kati Isumbi, nikabandika kile kipande chembamba nyuma ya sikio langu, nikasoma daftari la mahudhurio la darasa la saba B kuanzia jina la kwanza hadi la arobaini na moja. Kishikwambi kikaandika hamsini, arobaini na tisa, hamsini na moja, hamsini. Ndivyo inavyotakiwa. Mtu asiyewajua watoto hana sababu ya kuwaamini wala ya kutowaamini, na hapo ndipo tunapoanzia kupima.

Nikakifuta kinasa kwa pamba yenye spiriti, nikamkabidhi Mwalimu Ikupa Mwansasu.

"Hiki ndicho kinachosoma moyo?" aliuliza, akikigeuzageuza kama anayechagua nyanya sokoni.

"Hakisomi moyo, Mwalimu. Kinapima matarajio. Ukitaja jina la mtoto, mwili wako hujiandaa kusikia jibu zuri au jibu bovu kabla hata hujafikiri. Kinasa kinapima kule kujiandaa."

"Si ndio huo huo moyo?" Akakibandika. "Na wewe ndiye Lwitiko, wa akina Mwakalinga. Wazazi wako walikupa jina la imani, nawe ukaenda kusomea kuwapimia wenzako. Haya, twende, kengele imeshalia."

Alikuwa mfupi, wa miaka hamsini na sita, mwenye sweta la rangi ya udongo na viatu vya mpira. Huko Isumbi, juu kabisa milimani Rungwe, hakuna asiye na viatu vya mpira. Mvua ndiyo mwenyeji, watu wengine wote ni wapangaji wake.

Darasani watoto wote walisimama, wakasema shikamoo, wakakaa. Nilipewa kiti nyuma kabisa, kando ya ndoo iliyokinga maji yanayovuja darini. Mwalimu Ikupa akaanza kuita majina. Aman Kibona, themanini na nane. Atupele Mwaijande, tisini na moja. Hadi hapo hakukuwa na ajabu. Kisha namba zikaanza kuporomoka: kumi na tisa, ishirini na mbili, kumi na moja.

"Sekela Mwakifuna."

Binti mrefu wa dawati la mwisho upande wa dirishani, kola ya sweta lake imefumuka, akasema yupo. Kishikwambi kikaandika nne.

Nilikuwa nimewapima walimu mia tatu na kumi katika mikoa minne, na sikuwahi kuona nne. Nilidhani kifaa kimelowa. Nikakikagua, kilikuwa kizima.

Mwalimu Ikupa akafunga daftari, akaandika ubaoni kwamba bomba la kwanza hujaza tangi kwa muda wa saa tatu, bomba la pili hulijaza kwa muda wa saa sita, je, yakifunguliwa yote mawili litajaa kwa muda gani? Mikono ya Aman na Atupele ilikuwa juu kabla chaki haijateremka. Hakuitazama. Alichukua kopo kuukuu la maziwa ya unga, lililochubuka rangi, akalitikisa, akachomoa kijiti cha mwanzi, akakisoma.

"Sekela."

Halafu akanyamaza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya meza, na vidole vilikuwa vinagonga polepole, kimoja baada ya kingine. Wastani wa mkoa, mwalimu akimuuliza mtoto anayemwona hawezi, ni sekunde moja na nusu kabla hajalihamishia swali kwa mwingine. Nilihesabu ishirini na mbili.

"Saa nne na nusu," Sekela akasema.

"Umefikaje hapo?"

"Nimejumlisha tatu na sita, nikagawa kwa mbili."

Hakuna aliyecheka. Watoto wa umri ule hucheka hata mwenzao akipiga chafya, kwa hiyo nilielewa kwamba hawa wamezoezwa. Mwalimu akachora tangi na bomba moja. "Hili peke yake linajaza kwa muda gani?"

"Saa tatu, mwalimu."

"Sasa namfungulia na mwenzake. Muda unaongezeka au unapungua?"

Vidole vikaanza tena kugonga meza. Sekunde kumi na nne.

"Unapungua." Sekela akautazama ubao. "Basi jibu langu ni kubwa mno."

"Haya, litafute jipya. Tunakungoja."

Walimngoja kweli. Ilichukua dakika saba na mistari miwili iliyofutwa mpaka aliposema saa mbili, na akaeleza kwa nini. Mwalimu Ikupa akasema, "Vizuri, Sekela," na alipolitaja jina hilo nilikitazama kishikwambi. Kiliandika tano. Mtoto alikuwa amelipata jibu mbele ya macho yake, na moyo wa mwalimu ulikuwa umesogea hatua moja tu.

* * *

Sheria ya Ulinganifu ina ukurasa mmoja na nusu, na hata mlevi anaweza kuielewa. Imani ya mwalimu ipimwe kwa kinasa. Utendaji wake upimwe kwa kamera mbili zinazohesabu nani aliulizwa, alisubiriwa kwa sekunde ngapi na jibu lake lilifanywa nini. Tofauti kati ya namba hizo mbili iitwe pengo. Pengo likizidi thelathini, mwalimu anakwenda kunyooshwa.

Kunyooshwa hakuna maumivu. Ni asubuhi sita katika kituo cha mkoa, chini ya kofia ya nyuzi za shaba, huku majina ya watoto yakisomwa tena na tena mpaka kila jina litoe tisini. Katikati kuna chai na vitumbua. Waliotunga sheria walisema mwalimu anayefanya asichokiamini ni mnafiki, na mnafiki huchoka. Wakaongeza kwamba aliyenyooshwa asipimwe tena kwa miaka mitano, si imani wala utendaji, kwa kuwa moyo ukinyooka mkono hufuata. Sentensi hiyo imo kwenye sheria neno kwa neno. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kujiuliza ni nani aliyewahi kuipima.

Wastani wa imani ya Mwalimu Ikupa kwa darasa lake ulikuwa ishirini na nne. Utendaji wake ulikuwa tisini na sita. Pengo la sabini na mbili.

Saa nne, kwenye chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, nilikaa na Mwalimu Gwamaka, kijana wa sayansi aliyenyooshwa mwaka uliopita. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Mimi kaka nilikuwa shubiri," alisema. "Nikiingia darasani naona ubongo wa mawe mtupu. Sasa hivi nikimtazama mtoto yeyote naona daktari, naona mhandisi. Raha tupu! Hata presha imeshuka."

Mchana mvua ilinizuia kuondoka, nikaomba kukaa katika kipindi chake cha darasa hilo hilo la saba B. Sikuwa na ruhusa ya kumpima, nilikaa tu kama mgeni. Alifundisha kwa furaha isiyo ya kuigiza. Aliuliza maswali kumi na tisa. Kumi na moja yalijibiwa na Atupele, sita na Aman, mawili aliyajibu mwenyewe. Kila baada ya jibu alisema, "Mnaona? Mnaweza wote!" Madaftari yalikusanywa, yakarudishwa bila alama ya kalamu. Nilipomuuliza, alinishangaa.

"Nisahihishe nini, wakati najua wameelewa?"

Sekela alikaa kimya dakika arobaini, akichora mabomba pembeni mwa daftari la sayansi.

* * *

Jumatano nilimhoji Mwalimu Ikupa. Mahojiano yana maswali ishirini, na walimu wengi huyajibu kama wanaoomba kazi. Yeye alikuwa anamenya viazi kwa ajili ya chakula cha walimu, zamu ilikuwa yake.

"Je, unaamini kila mtoto katika darasa lako anaweza kumudu hisabati ya kiwango chake?"

"Hapana."

Nikatafuta jina katika orodha yangu.

"Sekela Mwakifuna?"

"Huyo ndiye hawezi kabisa. Nikimwona nachoka kabla hajafungua mdomo. Andika, usiogope, si ndicho ulichokuja kuandika?"

"Lakini Jumatatu alilipata jibu."

"Alilipata. Na mwezi jana alipata mengine mawili. Akili yangu inajua. Huyu wa ndani," akajigonga kifuani kwa kisu cha viazi, "huyu hasikii. Nimemsemesha miaka thelathini. Sasa simsemeshi, namfunga kamba."

"Kamba ndiyo kopo?"

"Kopo moja. Kona ya karatasi ya mtihani ni ya pili, wanaandika jina pale, wanaikunja na kuibana, nafungua nikishamaliza kusahihisha. Ya tatu ni vidole. Nagonga ishirini kabla sijasema neno, awe nani."

Nikamuuliza alianza lini, swali ambalo halimo katika yale ishirini.

"Mwaka wangu wa tatu kazini alikuja mkaguzi, mzee mmoja mkimya, na karatasi na kalamu tu. Alikaa nyuma wiki nzima, kila nikitaja mtoto anatia alama. Ijumaa akanipa karatasi. Kulikuwa na binti anaitwa Bupe Mwalwisi, hana alama hata moja. Nikasema, aa, wiki moja ni nini! Nikaanza kujihesabu mwenyewe. Muhula ukaisha, Bupe sijamwita."

"Alikuwa mzito darasani?"

"Sijui."

Akaweka kiazi kwenye sufuria, akachukua kingine, akakaa nacho mkononi.

"Walihamia Chunya. Nilimfundisha miaka miwili, mwanangu, na mpaka leo sijui kama alikuwa mjinga au aliwapita wote. Angekuwa mjinga nikajua, ningelala usingizi. Linaloniuma ni kwamba sijui. Linaniuma sana."

Nilizima kinasa-sauti, ingawa mahojiano hayakuwa yamekwisha.

"Ukinyooshwa, Mwalimu, utamwamini Sekela kama unavyomwamini Atupele."

"Nimesikia. Na Gwamaka nimemwona." Akaanza kumenya tena. "Mtu akiamini mtaani kwake hakuna wezi, atafunga mlango wa nini? Nitalitupa lile kopo siku ya kwanza. Nitalitupa kwa furaha, na nitakuwa nacheka."

* * *

Alhamisi nilimpigia Daktari Nelea Kihwele, mkuu wangu, mama wa Iringa ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Nilimweleza kila kitu. Nilimwomba kifungu cha dharura, uchunguzi wa ziada, chochote.

"Lwitiko, mtoto anasomeka nne," alisema. "Nne. Ungemweka mwanao mbele ya huyo mwalimu?"

"Sina mtoto, Daktari."

"Ndiyo maana unanipigia."

"Utendaji wake ni tisini na sita. Hakuna mwingine mkoani."

"Leo. Siku akiumwa kichwa? Akifiwa? Siku hiyo kopo litabaki nyumbani, na darasani atakayeingia ni nne. Mimi siwezi kuliacha darasa la watoto litegemee kopo la maziwa. Mtoto ana haki ya kuaminiwa, hiyo ndiyo sababu ya sisi kuwepo."

Jibu la hilo bado nalitafuta.

"Tuma ulichopima kesho kabla ya saa kumi," akasema. "Ulichopima, Lwitiko."

Alisisitiza kwa sababu alijua ninachokiwaza. Kughushi kungechukua dakika nne. Nilikuwa na vipimo vya mwalimu mwingine wa mwezi uliopita, ningebadilisha majina tu, pengo lingekuwa kumi na tisa na Mwalimu Ikupa angestaafu na kopo lake. Lakini nimekula kiapo cha namba, na namba ndicho kitu pekee ninachokifanya vizuri. Mtafiti akishapotosha kwa ajili ya mwalimu mwema, kesho atapotosha kwa ajili ya shemeji yake.

Ijumaa asubuhi nilivaa kinasa kama kawaida na kusoma majina. Kanuni inataka tujipime hata siku ya mwisho, ili kuhakikisha mizani haijahama. Aman, sabini na nne. Atupele, sabini na tisa. Sekela Mwakifuna, kumi na moja.

Nilirudia. Kumi na mbili.

Nilikuwa nimemwona akipata jibu gumu kwa njia yake mwenyewe, nilikuwa nimebishana na mkuu wangu kwa ajili yake, na siku nne tu za kukaa nyuma ya darasa lile zilikuwa zimenitosha kuamua kwamba yule binti hawezi. Hakuna aliyenifundisha. Niliona aibu, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Saa tano nilimwita Sekela mlangoni mwa ofisi, mahali ambapo walimu wote walituona. Sheria inaruhusu maswali matatu kwa mwanafunzi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sekela, unadhani Mwalimu Ikupa anakuamini?"

"Hapana," alisema bila kusita. "Akifika kwenye jina langu sauti inashuka. Sote tunajua, hata wadogo wanajua."

"Inakuuma?"

Akaivuta kola iliyofumuka. "Inauma. Kwa Mwalimu Gwamaka haiumi. Ila kwa Mwalimu Gwamaka sijawahi kuulizwa kitu, sijui hata kama najua."

Lilikuwa limebaki swali moja. "Ungechagua nani?"

Alikaa kimya, nami nikajikuta nagonga vidole juu ya paja. Nilifika kumi na sita.

"Nisingetaka kuchagua," alisema. "Kwa nini asiwepo anayeniamini na kunisubiri?"

Sikuwa na mahali pa kuandika jibu hilo kwenye fomu.

* * *

Saa tisa na dakika hamsini nilituma namba zote jinsi zilivyokuwa. Nne ilikwenda kama nne. Kisha nilifanya jambo ambalo adhabu yake ni kufukuzwa kazi: nilimwendea Mwalimu Ikupa aliyekuwa anafuta ubao, nikamwonyesha pengo lake kabla Taasisi haijamwandikia.

"Sabini na mbili," akasoma. "Kwa pengo kama hili wananichukua lini?"

"Jumatatu hii. Barua itafika kesho jioni. Sikupaswa kukuambia, Mwalimu. Nilishindwa kughushi na nikashindwa kukaa kimya."

"Ahsante, baba." Aliliweka dasta chini, akajipangusa chaki mikononi. Sikuona hasira, na ningependelea kuiona. "Kwa hiyo nina mchana mmoja wa kuwa mimi."

Watoto walikuwa bado uwanjani wakifanya usafi wa Ijumaa. Akawaita wote ndani, na majembe yao.

"Jumatatu nasafiri," aliwaambia. "Nikirudi nitakuwa mtu mwingine, mwenye raha. Nitawaambia kopo halina kazi, msikunje kona, msinisubirishe. Nitasema kwa upole na nitakuwa namaanisha. Msinitii."

Darasa liliduwaa. Kule kwetu mtoto akiambiwa na mwalimu simama juu ya dawati, anasimama, akili anaitafuta baadaye. Atupele alinyoosha mkono nusu, akaushusha.

"Sekela, njoo."

Sekela akaja mbele akiwa na jembe. Mwalimu akamtua jembe, akampa kopo.

"Wewe ndiye mwenye kopo. Kila kipindi changu, wewe unatikisa, wewe unachomoa, wewe unahesabu ishirini. Nikikukataza, endelea."

Watoto walipotoka nilimuuliza kwa nini yeye.

"Aman na Atupele wananipenda. Nikiwaambia wekeni kabatini, wataweka, wanifurahishe. Sekela hana sababu ya kunifurahisha, sijawahi kumpa."

"Unaamini ataweza kukukatalia mbele ya darasa zima?"

Mwalimu Ikupa alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha.

"Siamini," alisema. "Lini nimemwamini? Ndiyo maana nampa."

* * *

Jumatatu ya wiki iliyofuata, asubuhi zake sita zikiwa zimekwisha, nilirudi Isumbi kwa kisingizio cha chaja niliyoisahau. Sikuwa na kinasa wala kamera. Mwalimu aliyenyooshwa haguswi na vifaa vyetu kwa miaka mitano, na kwenye orodha zetu jina la Mwansasu lilikuwa tayari la kijani, rangi ya walionyooka.

Niliketi pale pale kando ya ndoo. Aliingia na sweta jipya la njano. Alituamkia wote, akaita majina, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikushuka popote. "Sekela Mwakifuna," alisema, akatabasamu, na sikuhitaji kifaa kuniambia kwamba hiyo ilikuwa tisini na kitu. Sekela alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kusema yupo. Nadhani hakuwahi kuitwa hivyo na mwalimu yule, na niliona jinsi uso wake ulivyolegea. Nilijua basi tumempoteza. Mtu ambaye amepewa kitu hicho kwa mara ya kwanza hana haja ya kugombana.

Mwalimu akaandika ubaoni: wachumaji sita wanamaliza shamba la chai kwa siku nne. Baada ya siku ya kwanza, wawili wanaugua na hawarudi. Waliobaki watamaliza kazi kwa siku ngapi zaidi?

"Swali zuri na mnaliweza wote," alisema. "Nani anatuambia?"

Mikono ya Aman na Atupele ilikuwa juu. "Atupele, mwanangu..."

Dawati la mwisho lilikwaruza sakafu. Sekela alikuwa amesimama, kopo mikononi. Alitembea hadi mbele, akalitikisa.

"Aa, hilo!" Mwalimu Ikupa akacheka, kicheko kizuri. "Hatulihitaji tena, mama. Liweke kabatini."

Sekela hakuliweka kabatini. Hakujibu pia, maana hakuna mtoto wa Isumbi anayemjibu mwalimu. Alichomoa kijiti, akakisoma.

"Nani huyo?" Atupele aliuliza kwa kunong'ona.

"Mimi."

"Sekela!" Mwalimu akapiga makofi mawili. "Sekela analijua hili, nani asiyejua? Hana haja ya kuulizwa. Tuendelee na la pili." Akageukia ubao, chaki tayari imeinuka.

"Silijui, mwalimu," Sekela alisema. "Nisubiri."

Chaki ikasimama hewani. Mwalimu Ikupa aligeuka, bado anatabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Alimtazama yule binti. Katika maisha yake yote ya ualimu hakuwahi kumwamini mtoto kama alivyomwamini yule binti asubuhi ile, na nadhani hilo ndilo lililomfunga. Ungemkataliaje mtoto ambaye una hakika anajua anachokifanya?

"Haya," akasema.

Akaegemea meza. Sekela akaanza kuhesabu kwa midomo bila sauti huku akiutazama ubao, na mara nikaona watoto wengine nao wanahesabu. Kisha mkono wa kushoto wa Mwalimu Ikupa, uliokuwa juu ya meza, ukaanza kugonga, kidole kimoja baada ya kingine. Aliushangaa mkono wake kama ni wa mtu mwingine. Hakuuzuia.

Nilifika ishirini, nikafika ishirini na tano. Sekela alikuwa bado anafikiri, na darasa zima lilikuwa linamngoja.